George Murphy, kutoka mine mpaka Senati

Sisi watu wa sendika, kiongozi akipanda tunauliza kwanza: alitoka wapi? George Murphy wa Marekani alitoka mu kazi ya mikono. Alizaliwa 1902 ku New Haven, akaacha masomo ya Yale, akatengeneza vyombo kwa Ford, akashuka mu mine ya makaa. Kisha njo akaanza kucheza dansi mu klabu za usiku pamoja na Juliette Johnson, bibi yake.

Mwaka 1934 aliingia mu sinema. Alicheza na Shirley Temple, Fred Astaire na Judy Garland. Hakuwa nyota wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kusimama pembeni ya nyota ili yule aonekane muzuri. Mu sinema moja ya 1943 alikuwa baba wa Ronald Reagan, na alikuwa anamupita miaka haifike 9!

Kinachotugusa ni hiki: toka 1944 mpaka 1946 aliongoza sendika ya wachezaji wa sinema. Alikuwa mwenzetu.

Mwaka 1964 California ilimupa Johnson kura minji za urais, lakini siku ile ile ikamuchagua Murphy, mutu wa chama kingine, kuwa seneta. Alimushinda Pierre Salinger, aliyekuwa msemaji wa Kennedy. Kwetu Tabu Ley naye alikaa bungeni kisha Mobutu kuanguka, lakini yeye aliteuliwa. Murphy alipigiwa kura.

Sasa, wafanyakazi wa mashamba ya zabibu ku Delano waligoma 1965, César Chávez mbele yao. Murphy alisimama upande gani? Wa wenye mashamba. Tayari mu kampeni alikuwa amesema Wamexico wanafaa kazi ya kuinama kwa sababu ni wafupi, karibu na udongo. Mutu aliyeinama mu makaa! Siye tulishaona rafiki akipata ofisi na kusahau taa ya kichwa, kwa hiyo hatukushangaa sana, lakini iliuma.

Kansa ya koo ilimuachia sauti ya kunong'ona tu. Tena 1970 ikajulikana kwamba kampuni ya Technicolor ilikuwa inamulipa dola 20,000 kwa mwaka, naye yuko seneta.

Mwezi wa 7 wa mwaka ule wenye mashamba ya Delano waliweka sahihi mkataba na sendika ya Chávez. Mwezi wa 11 Murphy akaanguka mbele ya John Tunney. Alikufa ku Palm Beach, tarehe 3 mwezi wa 5, 1992.