Daktari aliyechemsha mkojo kwenye kijiko

Hebu fikiria umeamka macho yamevimba. Utasema ni usingizi, ama zile chipsi za jana zilizojaa chumvi. Sasa fikiria uko London, miaka ya 1820, na umevimba hadi miguu na tumbo. Daktari angekwambia una maji mwilini, akutoe damu, basi. Maji yenyewe yametoka wapi? Wengi hawakulisumbukia hilo.

Lilimsumbua Richard Bright. Alizaliwa Bristol, Uingereza, Septemba 28, 1789, kwa baba tajiri, lakini hakuwa wa kukaa nyumbani akila mali ya mzee. Mwaka 1810, akiwa bado mwanafunzi, alikuwa ameshafika Iceland.

Kazi aliyoifanya baadaye katika hospitali ya Guy's, nikwambie ukweli, ungeziba pua. Alichukua mkojo wa mgonjwa, akautia kwenye kijiko, akaushika juu ya mshumaa. Ukiganda ukawa mweupe kama ute wa yai lililochemshwa, basi protini inavuja. Mgonjwa akifa, Bright alipasua maiti na kukuta figo zimeharibika. Mmoja, wawili, wengi. Mwaka 1827 alichapisha kitabu, na ugonjwa ukabeba jina lake. Mwenzake John Bostock, mtaalamu wa kemia, alipopima damu alikuta urea humo, uchafu uliofaa kutoka na mkojo.

Kukuponya, la, hilo hakuweza. Hata wadi mbili alizopewa mwaka 1842 kwa wagonjwa wa figo pekee zilikuwa za kuwachunguza zaidi ya kuwatibu.

Na hakupata kujua kuwa uchafu huo hufika hadi shingoni. Hapo una tezi ya thairoidi, yenye umbo la kipepeo, ambayo homoni zake huamua mwili uende kasi gani. Inayotoka kwa wingi, T4, ni kama unga: haijaliwa bado. Mwili lazima uigeuze iwe T3 ndipo ifanye kazi. Figo zikifeli, sumu na asidi zinazorundikana kwenye damu huvuruga ugeuzaji huo, T3 ikashuka. Iodini nayo, ambayo figo zingeitoa, hubaki, na ikizidi huibana tezi. Halafu ile protini ya kwenye kijiko? Hutoka imebeba homoni.

Matokeo yake unachoka, unasikia baridi, ngozi inakauka. Lakini si figo mbovu zenyewe huchosha hivyo hivyo? Ndiyo maana tezi husahaulika hadi damu ipimwe. Mashine ya kusafisha damu hupunguza sumu, ila T3 mara nyingi hubaki chini. Kwa wengi hupanda wakipandikizwa figo nyingine.

Bright alifariki London, Desemba 16, 1858, kwa ugonjwa wa moyo. Ile karatasi nyembamba wanayoichovya kwenye mkojo wako kliniki, ikabadilika rangi, bado inatafuta protini ileile aliyoitafuta kwa mshumaa.