WILLARD LIBBY: BINGWA ALIYEPIMA UMRI WA MISITU YA KALE

Katika makala ya leo tunakusudia kueleza maisha ya marehemu Willard Frank Libby, mtaalamu wa kemia wa Marekani aliyefariki dunia mwaka 1980. Huenda baadhi ya wasomaji wetu, askari wa jeshi na wa polisi walioko Logiri, Arua na Koboko, wakauliza mtu huyo ana uhusiano gani nao. Jawabu ni kwamba kila mara wataalamu wanaposema kuwa msitu fulani wa Milima ya Ruwenzori uliota miaka elfu kadhaa iliyopita, au kwamba wakulima wa kale walifyeka misitu ya Kigezi zamani sana, husema hayo kwa kutumia kipimo alichokivumbua yeye. Kabla yake, umri wa mambo kama hayo ulikisiwa tu.

MWANA WA MKULIMA

Libby alizaliwa tarehe 17 Desemba 1908 huko Grand Valley, katika jimbo la Colorado. Baba yake alikuwa mkulima, na Willard alipokuwa bado mtoto jamaa yote ilihamia California. Mwaka 1927 alijiunga na Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1931 na ya udaktari mwaka 1933, kisha akabaki hapo hapo kufundisha.

Tangu ujana wake alishughulikia vitu vinavyotoa mnururisho hafifu, yaani ule ulio mdogo kiasi cha kuwashinda wengine kuupima. Alijitengenezea kihesabio chake mwenyewe cha aina ya Geiger, kimojawapo cha vya mwanzo kabisa nchini Marekani. Ustadi huo wa kuhesabu kitu kidogo kilichojificha ndani ya kingi ndio uliokuja kumpa sifa baadaye.

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili mwezi Desemba 1941, Libby alikwenda New York kufanya kazi chini ya Harold Urey katika Chuo Kikuu cha Columbia. Kazi yao ilikuwa kutafuta njia ya kutenganisha aina mbili za madini ya urani kwa kuyageuza kuwa gesi. Ilikuwa sehemu ya mpango mkubwa wa siri uliozaa mabomu ya atomiki yaliyoangushwa Hiroshima na Nagasaki mwezi Agosti 1945. Vita vilipokwisha, Libby alihamia Chuo Kikuu cha Chicago. Hapo ndipo alipoanza kazi iliyomfanya ajulikane duniani kote.

SAA ILIYOMO NDANI YA KILA KILICHOISHI

Yafaa tueleze kazi hiyo kwa maneno mepesi. Kaboni ni kitu kilichomo katika kila chenye uhai: mtu, mnyama, nyasi na mti. Sehemu kubwa ya kaboni hiyo ni tulivu, haibadiliki. Lakini mwaka 1940 wataalamu wawili wa Berkeley, Martin Kamen na Sam Ruben, waligundua aina nyingine iitwayo kaboni 14, ambayo hupungua yenyewe polepole kadiri miaka ipitavyo.

Libby alitambua kwamba kaboni 14 huzaliwa kila siku juu angani, pale miale itokayo anga za mbali inapoupiga upepo wa dunia. Kutoka huko huingia katika majani ya mimea, na kutoka katika mimea huingia katika miili ya wanyama na ya watu. Kiumbe akiwa hai, kinachopotea hufidiwa na kinachoingia. Akifa, mlango wa kuingilia hufungwa, na kilichomo huendelea kupungua.

Tuchukue mfano wa ghala la kikosi. Tuseme ghala lina magunia 8 ya unga, na njia ya kuleta mengine imekatwa. Baada ya muda fulani hubaki magunia 4, muda kama huo ukipita tena hubaki 2, kisha 1. Mtu aujuaye muda huo, akahesabu magunia yaliyobaki, ataweza kusema njia ilikatwa lini. Muda wa kaboni 14 kupungua kwa nusu ulikadiriwa na Libby na wenzake kuwa miaka 5,568. Basi, kipande cha mkaa, cha mfupa au cha tope jeusi la kinamasi chaweza kueleza kiumbe kilichokuwamo kilikufa lini, mradi umri wake hauzidi miaka 50,000 hivi. Zaidi ya hapo, kilichobaki ni kidogo mno kuhesabika.

KIHESABIO KATIKATI YA WALINZI

Shida ilikuwa katika kupima. Gramu moja ya kaboni iliyotoka katika mti ulio hai hutoa ishara 14 hivi tu kwa dakika, ilhali miale ya angani na ya ardhini hukipiga kihesabio mara mamia katika dakika hiyo hiyo. Ilikuwa kama kusikiliza mnong'ono wa mtu mmoja katikati ya soko.

Libby alilitatua jambo hilo kwa njia ambayo askari yeyote ataielewa upesi. Kwanza alikizungushia kihesabio ngome ya chuma yenye unene wa sentimita 20 hivi. Kisha, ndani ya ngome hiyo, alipanga vihesabio vingine pande zote kama walinzi wa lindo. Mwale ukitoka nje na kupenya, hauna budi kumgusa mlinzi mmoja kabla ya kufika katikati. Basi mlinzi na kihesabio cha ndani vikilia kwa pamoja, ishara hiyo haikuhesabiwa. Kihesabio cha ndani kikilia peke yake, ilijulikana kuwa ishara imetoka katika kitu kinachopimwa.

Lakini Libby hakutaka watu wamwamini kwa maneno. Mwaka 1947 yeye na wenzake walilinganisha gesi ya methani iliyotoka katika maji machafu ya mji wa Baltimore na methani iliyotoka katika mafuta ya petroli, ambayo umri wake ni mamilioni ya miaka. Ile ya maji machafu ilikuwa na kaboni 14. Ile ya petroli haikuwa nayo. Kisha walipima vitu ambavyo umri wake ulijulikana kwa njia nyingine: mbao za miti iliyohesabiwa pete zake, na gogo la mgunga kutoka katika kaburi la Djoser, mfalme wa Misri aliyeishi zaidi ya miaka 4,600 iliyopita. Majibu hayakulingana barabara, lakini yalikaribiana vya kutosha kuonyesha kuwa njia ilikuwa sahihi. Mwaka 1949 Libby na James Arnold waliyatangaza matokeo hayo, na mwaka 1960 Libby akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

HABARI ZA MILIMA YETU

Haukupita muda mrefu kabla kipimo hicho hakijafika Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Daniel Livingstone, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, alitoboa tope lililotulia chini ya Ziwa Mahoma, lililoko kwenye Milima ya Ruwenzori katika kimo cha mita 2,960 hivi. Tope la ziwa hujipanga tabaka juu ya tabaka, la zamani chini na la karibuni juu. Ndani yake mna chavua, yaani unga wa maua, ambao hauozi upesi na ambao kila jamii ya mimea huwa na umbo lake. Anayeisoma chavua kwa hadubini hujua mimea iliyokuwapo. Anayepima kaboni 14 hujua ilikuwapo lini.

Tope la chini kabisa la Mahoma lilionekana kuwa na umri wa miaka 14,700 hivi kwa kipimo cha kaboni. Maana yake ni kwamba kabla ya hapo bonde hilo lilikuwa limefunikwa na barafu, ambayo siku hizi imebaki katika vilele vya juu tu. Katika tabaka za chini chavua ya miti ya msituni ilikuwa haba. Katika tabaka za juu yake ikaongezeka. Msitu mkubwa unaoonekana leo haukuwapo tangu milele, bali ulipanda mlima dunia ilipopata joto.

Habari kama hizo zilipatikana pia katika vinamasi vya Cherangani nchini Kenya na katika maziwa ya Mlima Kenya. Zote zilionyesha kwamba wakati wa baridi kuu ya dunia mimea ya vilele vyetu ilishuka chini kwa kiasi cha mita 1,000 hivi.

Hapo fikra moja kongwe iliyumba. E. J. Wayland, aliyeiongoza idara ya uchunguzi wa miamba ya Uganda tangu mwaka 1919, alifundisha kwamba Ulaya ilipokuwa katika barafu, Afrika ilikuwa na mvua nyingi. Wengi walimfuata, kwani hapakuwa na njia ya kumpima. Tope lililotolewa katika Ziwa Viktoria karibu na Jinja, likapimwa katika miaka ya 1960, lilionyesha kinyume: wakati barafu ilipokuwa kubwa milimani, nchi za chini zilikuwa kavu. Uchunguzi wa miaka ya 1990 ulizidi kuthibitisha kwamba ziwa hilo kubwa lilikuwa limekauka kabisa. Basi, msomaji uliye West Nile ukiutazama Mto Naili, kumbuka kwamba palikuwa na wakati ambapo hata tone moja la Ziwa Viktoria halikupita Jinja kuja kwenu.

Tena, mwaka 1986 wataalamu waliochunguza kinamasi cha Ahakagyezi, huko Kigezi, walitangaza dalili za ufyekaji wa misitu zilizoanza miaka 4,800 hivi iliyopita. Kwa hiyo mkono wa binadamu katika milima yetu si jambo la jana.

UPANDE WA PILI WA MAISHA YAKE

Haitakuwa haki tukimsifu Libby kwa upande mmoja tu. Tangu mwaka 1954 hadi 1959 alikuwa kamishna katika tume ya nguvu za atomiki ya Marekani, katika siku ambazo mataifa makubwa yalikuwa yakilipua mabomu ya majaribio angani. Libby aliyatetea majaribio hayo, akishikilia kuwa vumbi lake lenye sumu lilikuwa na hatari ndogo kwa watu. Wataalamu wengine, akiwamo Linus Pauling, walimpinga vikali. Chini ya uongozi wake ulifanyika pia uchunguzi uliokusanya mifupa ya maiti, pamoja na ya watoto wachanga, kutoka nchi nyingi ili kupima vumbi hilo; mara nyingi ndugu wa marehemu hawakuombwa ruhusa. Askari polisi wanaojua heshima ya maiti na haki ya jamaa zake watalielewa kosa hilo bila ya kuelezwa zaidi.

Mwaka 1961 Libby alijijengea nyumbani kwake handaki la magunia ya mchanga na magogo ya reli, ili kuonyesha kuwa raia aweza kujikinga na bomu kwa gharama ndogo. Mwaka huo huo moto wa nyika uliokumba vilima vya Los Angeles uliliteketeza handaki hilo. Nayo mabomu ya majaribio yalizidisha kaboni 14 angani, hata katikati ya miaka ya 1960 kiasi chake kikakaribia maradufu. Mkataba wa mwaka 1963 uliokataza kulipua mabomu angani ulisaidia kuirudisha hali hiyo polepole.

Hata saa yake ilihitaji kurekebishwa. Mwaka 1962 wataalamu walikubaliana kwamba muda wa nusu ni miaka 5,730, si 5,568. Tena Libby alidhani kiasi cha kaboni 14 angani hakikubadilika tangu kale, kumbe kilikuwa kikipanda na kushuka. Wataalamu waliyasahihisha majibu yake kwa kuzihesabu pete za miti mikongwe. Njia yake haikuvunjika kwa masahihisho hayo, bali iliimarika, kwa kuwa tangu mwanzo ilikubali kupimwa.

MAFUNZO KWETU

Libby alifariki Los Angeles tarehe 8 Septemba 1980, akiwa na umri wa miaka 71. Katika maisha yake twaona mambo mawili. Pale alipokipima kila kitu kwanza na kukilinganisha na kinachojulikana, neno lake limedumu. Pale alipotanguliza imani yake katika serikali na katika nguvu za silaha, jina lake limebaki na doa.

Wapelelezi wetu wana jambo la kujifunza hapa. Tope linalopelekwa maabara hushikwa kama kielelezo cha mahakamani: hutolewa kwa chombo safi, hufungwa, huandikwa mahali na kina kilipotoka, wala haliguswi ovyo. Mzizi mmoja wa nyasi za juzi ukiingia ndani yake, jibu huwa la uongo, kama vile shahidi aliyefundishwa la kusema.

Aidha, tusisahau kwamba ushahidi huu haupo Ruwenzori peke yake. Kila kinamasi kilichotulia kwa muda mrefu bila kuvurugwa huweka kumbukumbu yake tabaka kwa tabaka, pamoja na mkaa wa mioto ya zamani. Kinamasi kikikaushwa, tope lake huoza na kupeperuka, na kumbukumbu hiyo hupotea pamoja na maji. Askari wanaopewa kazi ya kulinda misitu na maeneo oevu hawalindi miti na maji tu. Wanalinda pia kitabu pekee cha historia ya nchi hii kwa zile enzi ambazo hakuna mzee awezaye kuzisimulia.