Bi Elizabeth Blackwell: barua nyingi za kuomba udaktari, jibu moja la mzaha

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mitaa yetu ya Pwani hugeuka darasa la hesabu. Huyu ana A, yule ana B+, huyu kemia imemwangusha. Na kila mwaka nyumba mbili tatu hubaki na msichana aliyetaka udaktari, wazazi wakiulizana kama inafaa kuhangaika zaidi au wamtafutie kozi nyingine amalize haraka. Mimi pia nilipita hapo. Nilitaka udaktari, alama hazikutosha, nikaishia kwenye diploma ya mambo mengine kabisa. Alhamdulillahi, sikosi riziki. Lakini tangu wakati huo hunivutia kusoma habari za watu waliobisha milango ya vyuo vya tiba, na leo nataka kuwasimulia habari za mmoja ambaye maisha yake yote yalikuwa ni kubisha.

Jina lake Elizabeth Blackwell. Alizaliwa tarehe 3 Februari 1821 mjini Bristol, Uingereza. Baba yake, Samuel, alikuwa na kiwanda cha kusafisha sukari, na wakati huohuo alikuwa mpinzani wa utumwa, ingawa sukari yenyewe wakati ule ilitoka kwenye mashamba ya watumwa. Mzee huyo alikuwa na jambo moja lisilo la kawaida kwa zama zake: aliwasomesha mabinti zake masomo yaleyale aliyowasomesha wavulana. Mwaka 1832 familia ilihamia New York, kisha 1838 wakasogea hadi Cincinnati kutafuta maisha. Hawakumaliza hata mwaka huo mzee akafariki. Alimwacha mjane na watoto tisa, pesa hakuna.

Elizabeth alikuwa na miaka kumi na saba. Yeye, dada zake na mama yao wakafungua shule ndogo ili nyumba ipate kula. Ualimu ulikuwa karibu kazi pekee ya heshima ambayo mwanamke angeweza kuifanya. Udaktari haukuwa ndoto yake hata kidogo. Mambo ya mwili na maradhi yalimtia kinyaa, na alipenda zaidi historia na falsafa.

Kilichomgeuza ni rafiki yake aliyekuwa akifa. Bibi yule alikuwa na maradhi ya kike yenye maumivu makali. Alimweleza Elizabeth kwamba sehemu kubwa ya mateso yake ilikuwa ni aibu ya kutibiwa na mwanamume, na kwamba angalau angepata sitara kama daktari wake angekuwa mwanamke. Akamshauri Elizabeth, aliyependa kusoma, kwa nini asiwe yeye? Mara ya kwanza alilitupa wazo hilo. Baadaye likawa halimtoki.

Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa zaidi hapo. Sote tunajua kinamama waliochelewa kwenda hospitali kwa sababu ya haya, wakafika wakati ambapo daktari, mwanamume au mwanamke, hana tena la kufanya.

Basi Elizabeth akaanza kuulizia. Madaktari aliowaandikia walimwambia wazo ni zuri lakini haliwezekani: masomo ni ghali, na hakuna chuo kinachopokea wanawake. Aliambiwa angehitaji takriban dola 3,000, pesa nyingi mno wakati ule. Hakukaa kulalamika. Mwaka 1845 alikwenda kufundisha Asheville, North Carolina, akakaa kwa mchungaji mmoja aliyewahi kuwa daktari na mwenye maktaba ya vitabu vya tiba. Mchana alifundisha, usiku alisoma vitabu hivyo. Kisha akahamia Charleston, kwa ndugu wa mchungaji huyo, aliyekuwa profesa wa tiba, akaendelea vilevile: mchana mwalimu, usiku mwanafunzi, mshahara ukiwekwa akiba. Zaidi ya hayo alijifunza Kigiriki.

Hapo pana somo ambalo vijana wetu hulipita haraka. Maombi yake hayakuanza siku aliyoandika barua. Yalianza miaka miwili kabla, kwenye chumba cha kupanga, kwenye vitabu vya kuazima, wakati hakuna aliyekuwa amemwahidi chochote.

Mwaka 1847 alikwenda Philadelphia, mji uliokuwa kitovu cha elimu ya tiba Marekani. Alijifunza anatomia kwa mwalimu binafsi, na daktari mmoja mzee, Joseph Warrington, akamruhusu kutumia vitabu vyake na kuhudhuria mihadhara yake. Kisha akaanza kuzunguka nyumba za maprofesa, mmoja baada ya mwingine. Huo ndio uliokuwa usaili wa zama hizo: unasimama mbele ya mzee mwenye madaraka, unajieleza. Mmoja alicheka. Mwingine alimkodolea macho kwa muda mrefu bila neno. Wengine walimshauri aende Paris, au avae mavazi ya kiume aingie darasani kwa kujificha. Ushauri wa mavazi aliukataa. Aliona kwamba akiingia kwa kujificha, mlango hautakuwa umefunguka kwa mwanamke yeyote. Atakuwa amepita mwanamume mmoja zaidi.

Vyuo vya Philadelphia na New York vilimkataa. Akaandikia vyuo vidogo vya mikoani. Navyo vikamkataa kimoja kimoja. Wengine walisema mwanamke hana akili ya kazi hiyo. Wengine sababu yao ilikuwa kinyume kabisa: walihofia ataiweza, awachukulie wagonjwa.

Jibu lililobadilisha maisha yake lilitoka Geneva Medical College, chuo kidogo katika jimbo la New York. Warrington alikuwa amemwandikia barua ya kumtambulisha. Maprofesa wa pale hawakutaka kumpokea, lakini hawakutaka pia kumvunjia heshima daktari aliyeandika. Wakapata njia ya kunawa mikono: wawaachie wanafunzi waamue, kwa sharti kwamba akikataa hata mmoja, ombi limekufa. Wanafunzi walikuwa wanaume takriban 150. Maprofesa walikuwa na hakika ya matokeo.

Wanafunzi walidhani ni utani, pengine umetungwa na chuo kingine ili kuwacheka. Wakaufanyia utani zaidi. Wakakutana, wakapiga kelele, wakapiga kura ya ndiyo wote. Aliyejaribu kusema hapana alizongwa na wenzake mpaka akasalimu. Barua ya kumkubali iliandikwa tarehe 20 Oktoba 1847. Mapema Novemba, mwanamke mfupi, mwenye umri wa miaka 26, mavazi ya heshima, akaingia darasani na daftari lake, akaketi. Mzaha uliishia hapo. Inasimuliwa kwamba darasa lile lililokuwa na sifa ya fujo lilitulia kuanzia siku hiyo.

Mlango, basi, ulifunguliwa kwa mzaha. Lakini hebu fikiri: kama barua ile ingemkuta hajui anatomia, hana akiba ya karo, hajazoea kusoma usiku, ingemfaa nini? Angerudi nyumbani baada ya muhula mmoja, na kila mtu angesema waonaje, tulisema.

Mjini Geneva maisha hayakuwa mepesi. Wanawake wa mji walimpita barabarani wakimtazama kama mtu mbaya au mwenye wazimu. Ulipofika wakati wa kusoma viungo vya uzazi, profesa wa anatomia, James Webster, ambaye kwa jumla alikuwa upande wake, alimwomba asihudhurie. Aliandika barua ya adabu akaeleza kwamba yeye ni mwanafunzi aliyekuja kwa nia safi, na kwamba kumkosesha somo hilo ni kumkosesha udaktari wenyewe. Profesa akawasomea wanafunzi barua hiyo, nao wakamuunga mkono. Alikuwa amesubiri nje. Akaingia akakaa mahali pake.

Majira ya joto ya 1848 alifanya mazoezi katika hospitali ya masikini ya Blockley, Philadelphia. Baadhi ya madaktari vijana waliondoka kila alipoingia wodini. Wodi zilijaa wahamiaji wa Ireland wenye homa ya taifasi, ambayo leo twajua huenezwa na chawa. Tasnifu yake aliiandika juu ya homa hiyo. Tarehe 23 Januari 1849 alipewa shahada yake akiwa wa kwanza katika darasa lake, na akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari Marekani. Safari hii wanawake wa Geneva walilijaza kanisa kuja kumwona.

Ningependa kisa kiishie hapo, kama tunavyopenda hadithi za mafanikio ziishe. Lakini yaliyofuata ndiyo yanayotuhusu zaidi.

Elizabeth alikwenda Paris kujiongezea ujuzi. Cheti alikuwa nacho, lakini mlango uliokuwa wazi kwake ni wa hospitali ya wazazi ya La Maternité, nao aliingia kama mwanafunzi wa ukunga. Novemba 1849, akimsafisha mtoto mchanga mwenye ugonjwa wa macho, maji yenye maradhi yalimrukia jichoni. Alilala wiki kadhaa bila kuona. Jicho la kushoto lilipotea, likaondolewa, akawekewa la kioo. Alikuwa ametaka kuwa daktari wa upasuaji. Ndoto hiyo ikafa.

Alipita London, akajifunza katika hospitali ya St Bartholomew, akajuana na Florence Nightingale. Aliporudi New York mwaka 1851, wagonjwa hawakuja, na hospitali hazikumtaka. Mwaka 1853 akafungua zahanati ndogo ya kinamama masikini.

Na kile chuo cha Geneva? Kilifunga mlango. Mdogo wake, Emily, alipoomba, alikataliwa palepale dada yake alipoongoza darasa. Akapata nafasi Rush, Chicago, mwaka 1852. Mwaka uliofuata wakamnyima kuendelea kwa sababu chama cha madaktari wa jimbo kilikilaumu chuo kwa kumpokea mwanamke. Alimalizia Cleveland mwaka 1854. Uingereza nako ilikuwa vivyo hivyo. Elizabeth aliandikwa katika daftari rasmi la madaktari mwaka 1859, mwanamke wa kwanza, kupitia kipengele cha sheria mpya kilichowahusu waliokwisha kutibu nchini humo wakiwa na shahada za nje. Waliokuja nyuma yake na shahada za nje hawakuweza kupita hapo. Elizabeth Garrett, msichana aliyesikiliza mihadhara yake London, aliingia mwaka 1865 kupitia chama cha wauza dawa, nacho kikabadilisha kanuni zake ili asipite mwingine.

Kwa hiyo akina Blackwell walifikia uamuzi: hakuna haja ya kutegemea pengo katika ukuta wa watu wengine. Mwaka 1857 Elizabeth, Emily na Marie Zakrzewska, daktari aliyetoka Berlin, walifungua hospitali New York kwa ajili ya kinamama na watoto masikini, yenye madaktari wanawake. Humo madaktari wanawake walipata nafasi ya mazoezi waliyonyimwa kwingine. Miongoni mwa waliofanya kazi hapo alikuwa Rebecca Cole, mmoja wa madaktari wa mwanzo wanawake weusi Marekani, aliyekwenda nyumba hadi nyumba kuwafundisha kinamama usafi na malezi. Mwaka 1868 wakaongeza chuo cha udaktari cha wanawake, na wakaweka bodi ya nje ya watahini, ili asije mtu kusema mabinti wamepewa vyeti kwa huruma. Kilidumu hadi 1899, chuo cha Cornell kilipoanza kupokea wanawake, na wanafunzi wao wakahamia huko. Elizabeth mwenyewe alirudi Uingereza mwaka 1869. Mwaka 1874 Sophia Jex-Blake alipoanzisha chuo cha udaktari cha wanawake London, Elizabeth alikuwa pamoja na waanzilishi, akafundisha pale maradhi ya kike.

Hakuwa mtu asiye na kosa. Uzeeni alipinga chanjo, na hakuyapokea vizuri mafundisho mapya ya vijidudu. Katika hilo wakati umeonyesha kwamba alikosea. Alifariki tarehe 31 Mei 1910 mjini Hastings akiwa na miaka 89, akazikwa Kilmun, Scotland.

Sasa tugeukie kwetu. Kenya ya leo hakuna chuo kinachomkataa msichana kwa sababu ni msichana. Mlango wetu ni wa alama: biolojia, kemia, hisabati au fizikia, na lugha. Lakini alama hizo hazianzi kidato cha nne. Zinaanza kidato cha kwanza, kwenye shule ambayo pengine maabara yake ni kabati moja. Anapokosa mtoto, twasema si bahati yake. Bi Elizabeth pia angeweza kusema hivyo baada ya barua ya tano.

Maneno yangu ya mwisho nawaelekezea zaidi wale waliokwisha kuingia. Tunao madaktari wa Pwani, mabanati na vijana wetu, Mungu awazidishie. Nawaomba, mkiwa likizoni, Jumamosi moja tu nendeni shule mlizosoma. Waambieni wasichana wa sekondari mlisoma vipi, mlianguka wapi, fomu hujazwa namna gani, na usaili wa ufadhili huulizwa nini. Wazazi nao waache kuuliza kama inafaa kuhangaika. Yuko mama mtaani kwenu anayeficha maradhi yake kwa haya, na daktari anayemhitaji huenda leo yuko sekondari.