James Watt na mipira miwili ya chuma

Umeme ukikatika hapa Gihosha, majenereta huanza kunguruma. Ukiongeza mzigo, injini hulegea kidogo, kisha hujirudisha yenyewe. Wanafunzi wangu huniuliza ni nani anayeiongezea mafuta. Ndipo huwasimulia habari za James Watt.

Alizaliwa Greenock, Scotland, mwaka 1736, akawa fundi wa vipimo katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Shuleni uhamishoni tulifundishwa kwamba yeye ndiye aliyevumbua injini ya mvuke. Sivyo. Aliikuta ile ya Newcomen ikila makaa kupita kiasi, akaitengeneza upya na kupata hataza mwaka 1769. Mwaka 1775 akaingia ubia na Matthew Boulton.

Mwaka 1788 Boulton alimpasha habari za kifaa alichokiona London, katika kinu cha unga cha Albion, kilichorekebisha mawe ya kusagia. Watt akakifunga kwenye injini. Mipira miwili ya chuma huzungushwa na injini yenyewe: mwendo ukizidi, hutanuka na kubana mvuke, ukipungua, hushuka na mvuke hufunguka. Mwenye mashine ya kusaga kule Kobero anaelewa faida yake, maana mahindi yakiisha ghafla, injini isiyo na kidhibiti hukimbia hata kuvunjika.

Watt hakukiombea kifaa hicho hataza. Alifariki mwaka 1819. Hesabu za kueleza kwa nini vidhibiti vingine huyumbayumba badala ya kutulia ziliandikwa na Maxwell mwaka 1868.