Maisha ya Daktari Hans Berger, Aliyeyaona Mawimbi ya Ubongo

Wengi wetu tumesoma habari za watu waliovumbua gari la moshi, simu na taa ya umeme. Lakini ni wachache wamjuao mtu wa kwanza aliyeandika juu ya karatasi umeme utokao katika kichwa cha binadamu. Mtu huyo ni Daktari Hans Berger, na maisha yake yana mafunzo mengi, mengine mazuri, mengine ya kusikitisha.

Alizaliwa tarehe 21 Mei, 1873, katika kijiji cha Neuses, karibu na mji wa Coburg, Ujerumani. Baba yake alikuwa daktari, na babu yake mzaa mama, Friedrich Rückert, alikuwa mshairi mwenye sifa kubwa. Kijana Hans hakuitamani kazi ya baba yake. Alipenda nyota na hesabu, na mwaka 1892 akaingia Chuo Kikuu cha Jena asome elimu hizo. Muda si mrefu akayaacha masomo, akaenda kutumika mwaka mmoja katika jeshi la wapanda farasi.

Huko ndiko alikopatwa na jambo lililoyageuza maisha yake. Siku moja mazoezini farasi wake aliruka ghafula, naye akaanguka mbele ya gurudumu la mzinga uliokuwa ukikokotwa. Kwa bahati mzinga ulisimamishwa kabla haujamponda. Jioni akapokea simu ya maandishi kutoka kwa baba yake, ikimwuliza kama yu mzima. Baadaye akapata habari kwamba dada yake, aliyekuwa mbali nyumbani, aliingiwa na hofu siku hiyo hiyo kuwa Hans yumo hatarini, akamsihi baba yao apeleke simu. Tangu hapo Hans aliamini kuwa fikira zake zilisafiri mpaka kwa dada yake. Basi akarudi Jena, akasoma udaktari, ili ajue ni nguvu gani iliyomo katika ubongo.

Mwaka 1897 alimaliza masomo, akaanza kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Jena, chini ya Profesa Otto Binswanger. Kwa miaka mingi alipima mwendo wa damu katika ubongo, kisha akapima joto la ubongo, wala hakukipata alichokitafuta. Vita Kuu ya Kwanza ikaja ikamkatiza. Mnamo Novemba 1918 majeshi ya von Lettow-Vorbeck yalipita katika nchi yetu hii kuelekea Fife, ng'ambo ya mpaka, si mbali na Tunduma. Berger naye katika vita hivyo alikuwa Ulaya, akiwatibu askari waliopatwa na maradhi ya akili.

Mwaka 1919 alifanywa mkuu wa hospitali ya Jena. Alikuwa mtu mkimya, mwenye kushika saa. Mchana aliwatibu wagonjwa. Jioni alijifungia katika chumba chake cha majaribio, na wenzake wengi hawakujua afanyalo.

Tarehe 6 Julai, 1924, alimpima kijana wa miaka 17, mwanafunzi, ambaye fuvu lake lilikuwa limepasuliwa na madaktari kwa ajili ya ugonjwa. Mimi niandikaye nina umri huo huo, na kila nikumbukapo habari hii humwaza kijana yule. Berger aliunganisha kichwa chake na galvanometa, chombo kipimacho umeme mdogo sana, naye akaona dalili za umeme huo. Umeme wenyewe ni haba mno. Betri moja ya tochi ina volti moja na nusu. Lakini ukiigawa volti moja katika sehemu milioni, mawimbi ya ubongo huwa kama sehemu hamsini hivi tu.

Mtu mwingine angalikimbilia kutangaza. Yeye alingoja miaka mitano. Aliogopa kuwa labda umeme ule watoka katika moyo, au katika ngozi na misuli ya kichwa. Akapima tena na tena, akawapima hata watoto wake mwenyewe. Aliona kwamba mtu akitulia na kufumba macho, mawimbi huja polepole, kama kumi kwa kila sekunde, akayaita alfa. Mtu akifumbua macho, au akipewa hesabu aifanye kichwani, mawimbi hayo hupotea, yakaja mengine madogo ya haraka, aliyoyaita beta.

Mwaka 1929 akaandika habari hizo. Wataalamu wengi hawakumsadiki. Ndipo mwaka 1934 Edgar Adrian na Bryan Matthews wa Cambridge, Uingereza, walipojaribu wenyewe, wakaona ni kweli. Muda mfupi baadaye madaktari wa Boston, Marekani, walionyesha kuwa mawimbi ya mgonjwa wa kifafa hubadilika wakati wa kuanguka. Hivyo ikaonekana wazi kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo, wala hauambukizi kwa kumgusa aliyeanguka.

Lakini haifai kumsifu mtu na kuficha makosa yake. Chini ya utawala wa Hitler, Berger alikaa katika baraza la mahakama iliyoamua watu gani, wakiwamo wagonjwa wa akili na wa kifafa, wafungwe uzazi kwa nguvu. Aliyejua ubongo kuliko wengi alisaidia kuwadhulumu wenye ubongo mgonjwa. Alistaafu mwaka 1938. Kisha huzuni kubwa ikamshika, na tarehe 1 Juni, 1941, akajitoa uhai mjini Jena.

Kazi yake haikufa. Kuanzia mwaka 1958 Joe Kamiya, huko Chicago, aliwafundisha watu kutambua wenyewe wakati mawimbi ya alfa yalipokuwapo, kwa kuwaambia kila mara kama wamepatia au wamekosa. Ndiyo asili ya vyombo vya leo vimwonyeshavyo mtu mawimbi yake ajizoeze kuyaongoza, ingawa wataalamu bado wanabishana vinasaidia kiasi gani. Mwaka 1966 madaktari wawili wa Japani, Kasamatsu na Hirai, walitoa habari za watawa waliokaa kimya katika tafakari: alfa ilionekana hata macho yakiwa wazi.

Ndugu wasomaji, Berger hakuiona fikira isafiriyo, lakini katika kuitafuta alipata kilicho bora zaidi. Mvumilivu hula mbivu. Hapa Songwe hatuna haja ya chombo cha ghali ili tutulie kabla ya mtihani. Kukaa kimya dakika chache na kufuata pumzi hakugharimu senti. Lakini huzuni ikizidi, utulivu peke yake hautoshi. Mwenzetu wa bwenini akiacha kula, akiacha kulala, tusimcheke wala tusimnyamazie. Tumpeleke kwa mwalimu, kwa mzazi au kwa daktari. Berger aliyapima mawimbi ya watu wengi, lakini elimu yake yote haikumwokoa na huzuni yake mwenyewe.