Mjane wa Reims aliyekataa kufunga ghala la mvinyo

Kuna chupa ya shampeni yenye nembo ya njano ambayo huuzwa karibu dunia nzima. Neno la kwanza kwenye nembo hiyo ni Veuve. Kwa Kifaransa maana yake ni mjane.

Mjane huyo aliishi kweli. Unywe mvinyo au usinywe, msikilizaji, maisha yake yana jambo la kukufikirisha: mume anapofariki, biashara ya familia inabaki mikononi mwa nani?

Jina lake ni Barbe-Nicole Ponsardin. Alizaliwa Desemba 16, 1777, mjini Reims, katika eneo la Champagne, kaskazini-mashariki mwa Paris. Baba yake, Nicolas Ponsardin, alikuwa tajiri wa viwanda vya nguo, na baadaye akawa meya wa mji huo. Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 yalimkuta binti huyu akiwa na miaka 11.

Mwaka 1798 aliolewa na François Clicquot. Baba mkwe wake, Philippe Clicquot, alifanya biashara ya nguo, na mvinyo ulikuwa kazi ya pembeni aliyoianza mwaka 1772. Familia ilikuwa na mashamba ya mizabibu kwenye vilima vya jirani, yakiwemo ya vijiji vya Bouzy na Verzenay. François aliupenda mvinyo kuliko nguo. Yeye na mkewe wakaanza kujifunza kazi hiyo pamoja, mwaka kwa mwaka, mara nyingine kwa hasara.

Oktoba 1805 François alishikwa na homa, na baada ya siku chache akafariki. Barbe-Nicole alikuwa na miaka 27, na binti mmoja wa miaka 6 aitwaye Clémentine.

Sheria ilisemaje?

Mwaka mmoja kabla ya msiba huo, Ufaransa ilikuwa imepata sheria mpya za kiraia chini ya Napoleon. Chini ya sheria hizo, mwanamke aliyeolewa alitakiwa kumtii mumewe, na hakuweza kufanya biashara bila idhini yake. Msichana alikuwa chini ya baba. Mjane, hata hivyo, aliweza kumiliki mali, kutia saini mikataba na kuendesha biashara kwa jina lake mwenyewe. Kwa hiyo msiba uliomwachia upweke ndio uliompa nafasi ambayo dada yake aliyeolewa hakuwa nayo.

Mzee Philippe, akiwa amevunjika moyo kwa kumpoteza mwanawe, alitaka kuifunga biashara. Mkamwana akamwendea na ombi: aachiwe aiendeleze, na yuko tayari kuweka urithi wake humo. Mzee alikubali kwa sharti. Alimtaka kwanza ashirikiane kwa miaka minne na mfanyabiashara mzoefu wa mvinyo, Alexandre Fourneaux, ili aijue kazi vizuri.

Miaka hiyo ilikuwa migumu. Napoleon alikuwa vitani na karibu Ulaya yote, na bandari zilifungwa. Shehena kubwa ya mvinyo wao ilikwama Amsterdam ikaharibika. Mkataba ulipokwisha mwaka 1810, Fourneaux alijitoa. Mjane akabaki peke yake, akaandikisha kampuni kwa jina la Veuve Clicquot-Ponsardin, yaani ujane wake, jina la mume na jina la baba yake.

Meli ya mwaka 1814

Mwaka 1811 nyota yenye mkia ilionekana angani kwa miezi mingi, na mavuno ya zabibu yakawa mazuri ajabu. Mjane alikuwa na mvinyo bora ghalani, lakini soko hakuwa nalo. Urusi, iliyokuwa na wanywaji wengi wenye fedha, ilikuwa imepiga marufuku mvinyo wa Ufaransa wa chupa.

Mapema mwaka 1814 majeshi ya Urusi yaliingia Reims. Napoleon alipoanguka mwaka huohuo, Barbe-Nicole aliona kwamba marufuku ile haitadumu. Angesubiri iondolewe rasmi, wafanyabiashara wote wa Champagne wangekimbilia Urusi siku moja. Yeye hakusubiri. Kwa siri, pamoja na mwakilishi wake wa mauzo, Louis Bohne, alipakia chupa 10,550 kwenye meli kuelekea Königsberg, bandari ya Prussia karibu na mpaka wa Urusi.

Kama shehena ingekamatwa, au chupa zingepasuka njiani kwa joto, kampuni ingekufa. Chupa zilifika salama. Zikagombaniwa kwa bei ya juu, na shehena ya pili ikafuata kwenda St. Petersburg. Wapinzani wake walipopata habari, jina la mjane lilikwisha kujulikana Urusi.

Meza yenye matundu

Sasa likaja tatizo jingine: oda nyingi kuliko mvinyo uliokuwa tayari. Povu la shampeni hutokana na mvinyo kuchachuka mara ya pili ndani ya chupa, baada ya kutiwa sukari na hamira. Hamira ikishamaliza kazi hufa na kuacha mashapo yanayoufanya mvinyo uwe na ukungu. Zamani walihamisha mvinyo kutoka chupa hadi chupa ili kuyaacha mashapo, lakini povu lilipotea na kazi ilichukua muda mrefu.

Kuanzia mwaka 1816, yeye na fundi wake wa ghala, Antoine Müller, walitumia meza iliyotobolewa matundu ya mshazari. Chupa zilisimamishwa humo kichwa chini, zikazungushwa kidogo kila siku kwa wiki kadhaa. Mashapo yote yaliteremka hadi kwenye kizibo. Kizibo kikifunguliwa haraka, mgandamizo uliyarusha nje, na mvinyo uliobaki ulikuwa mweupe kama maji ya chemchemi. Njia hiyo ilienea Champagne yote, na msingi wake unatumika hadi leo, ingawa siku hizi mashine ndizo zinazozungusha chupa nyingi.

Alimwachia nani?

Clémentine aliolewa na kabaila, Louis de Chevigné, aliyejulikana kwa kupenda anasa. Mama aliwapa fedha na nyumba, na akajenga kasri kubwa Boursault, juu ya mto Marne. Lakini kampuni hakuwapa. Mwaka 1831 alimfanya mshirika Édouard Werle, Mjerumani aliyeingia kazini mwaka 1821 na kupanda ngazi kwa juhudi zake. Huyo ndiye aliyeirithi kazi. Kwa familia uamuzi huo haukuwa mwepesi, lakini mwanamke aliyepewa biashara kwa sharti la kujifunza kwanza hakutaka kumwachia asiyeijua.

Barbe-Nicole alifariki Boursault Julai 29, 1866, akiwa na miaka 88. Hakuolewa tena. Angeolewa, sheria ingemrudisha chini ya idhini ya mume. Mwaka 2010 wapiga mbizi walikuta shampeni yake kwenye meli iliyozama zamani katika bahari ya Baltiki, karibu na Finland, pamoja na ya makampuni mengine.

Msikilizaji, Barbe-Nicole alikuwa na akili na ujasiri, hilo halina ubishi. Lakini tukumbuke pia kwamba sheria ilimruhusu, na mzee mmoja mwenye majonzi alikubali kumsikiliza mkamwana wake kabla ya kufunga mlango wa ghala.