Louis Renault na Gia ya Tatu

Sisi wanafunzi tunaopanda basi kurudi makwetu wakati wa likizo tunaujua mlio wa injini mlimani. Basi hunguruma kwa shida, dereva hukanyaga klachi na kubadili gia, na gari hupata nguvu tena. Likifika tambarare hubadili mara nyingine. Mlio hupungua na mwendo huongezeka. Ni wachache miongoni mwetu wanaojiuliza ni nani aliyelifikiria jambo hilo. Nataka kuwasimulia wasomaji maisha ya mtu mmoja aliyefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Louis Renault alizaliwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, tarehe 12 Februari 1877. Baba yake alikuwa mfanya biashara tajiri wa nguo na vifungo. Louis hakupenda sana masomo ya darasani. Furaha yake ilikuwa kushika vyuma. Jamaa yake walikuwa na nyumba Billancourt, nje kidogo ya mji, na huko katika kibanda cha bustanini alifanya karakana yake.

Mwaka 1898 alikuwa na chombo cha magurudumu matatu chenye injini ndogo ya De Dion-Bouton, ambayo nguvu yake haikufika farasi wawili. Siku zile magari mengi yalipeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu kwa mikanda au minyororo. Mkanda huteleza, mnyororo hupiga kelele na kukatika, na nguvu nyingi hupotea njiani. Louis hakutafuta injini kubwa zaidi. Alijiuliza kwanza nguvu aliyo nayo inapotelea wapi. Basi akakifungua chombo chake, akakigeuza kuwa gari dogo la magurudumu manne, na injini akaiweka mbele.

Kisha akatengeneza giaboksi yenye gia tatu za kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma. Katika gia ya kwanza na ya pili nguvu hupita katika meno ya chuma, ili mwendo upungue na nguvu ya kusukuma izidi. Lakini katika gia ya tatu, shafti itokayo kwenye injini hushikana moja kwa moja na shafti iendayo nyuma, zikazunguka kama chuma kimoja. Hakuna meno yanayosagana katikati, kwa hiyo nguvu ipoteayo ni kidogo sana. Haba na haba hujaza kibaba.

Usiku wa kuamkia Krismasi ya 1898 rafiki zake walishindana naye kwamba kigari kile hakitaweza kupanda Rue Lepic, njia yenye mwinuko mkali katika kilima cha Montmartre. Kikapanda. Usiku ule ule watu 12 walitaka kununua magari kama hilo. Louis alikuwa na umri wa miaka 21. Mwaka 1899 akapata hati ya serikali ya kuilinda kazi yake, na kaka zake, Marcel na Fernand, wakaanzisha kampuni.

Ili magari yao yajulikane, Louis na Marcel waliyaendesha wenyewe katika mashindano. Mwaka 1902 Marcel alishinda safari ya kutoka Paris hadi Vienna, akiwa na gari jepesi, akawaacha nyuma wenye injini kubwa kuliko yake. Furaha ilikuwa kubwa, lakini haikudumu.

Tarehe 24 Mei 1903 yalianza mashindano ya Paris hadi Madrid. Barabara zilikuwa za vumbi, na watazamaji walijazana kandokando. Marcel alipokuwa akijaribu kumpita mwenzake ndani ya vumbi, gari lake liliacha njia. Louis alitangulia kuingia Bordeaux mbele ya wote, na huko akapokea habari hiyo. Marcel alifariki baada ya siku mbili. Watu wengine kadhaa walikufa pia, na serikali ikayasimamisha mashindano. Tangu hapo Louis hakushindana tena.

Alirudi kiwandani. Fernand naye alifariki mwaka 1909, na Louis akabaki peke yake akiongoza. Teksi zake zilisaidia kuwapeleka askari vitani karibu na mto Marne mwaka 1914, na mwaka 1917 kiwanda chake kilitoa vifaru vidogo vilivyosifiwa sana. Lakini Wajerumani walipoiteka Ufaransa mwaka 1940, kiwanda kile kile kiliwatengenezea malori. Baada ya Paris kukombolewa, Louis alikamatwa mwezi wa Septemba 1944. Alifariki tarehe 24 Oktoba kabla ya kuhukumiwa, na mwezi wa Januari 1945 serikali ilikitwaa kiwanda.

Wasomaji wenzangu, fundi huyu anatufundisha kuichunga nguvu ndogo tuliyo nayo kabla ya kulilia kubwa. Tena anatufundisha jambo jingine. Giaboksi hupeleka nguvu kwenye magurudumu, lakini haichagui njia. Kuchagua njia, na kukanyaga breki inapolazimu, ni kazi ya mtu mwenyewe.